UZI: Iron Maiden wakimaliza Run For Your Lives, ziara ijayo itakuwa ipi? Na Nairobi tumo?

Besi la Kayole (mwenye uzi)

Wasee wa chuma, salaam. Tuko wachache mjini hapa na tunajuana kwa fulana, lakini kwenye kundi la WhatsApp kila mtu anabahatisha lake na hoja nzuri zinapotelea katikati ya picha za harusi na matangazo ya ploti. Tuandikie hapa.

Swali: ziara ya miaka 50 ya Iron Maiden, bendi ya metali ya Uingereza, ikiisha, watatoka na nini?

Mimi naamini hawa wazee wana zamu, na zamu zao zinasomeka. Angalia tangu mwimbaji Bruce Dickinson na mpiga gitaa Adrian Smith waliporudi kwenye bendi mwaka 1999. Zamu moja ni albamu mpya, inayofuata wanafungua kabati la zamani. 2005 walipiga nyimbo za albamu nne za mwanzo tu. 2006 wakatoka na A Matter of Life and Death na kuipiga nzima, kutoka wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho, waliokuja kutafuta za zamani wakanuna. 2008 kabati likafunguka: Somewhere Back in Time, miaka ya themanini karibu mitupu. 2010 The Final Frontier, mpya. 2012 Maiden England, kabati. 2016 The Book of Souls, mpya. 2018 Legacy of the Beast, kabati tena, korona ikaikata katikati, wakaimalizia 2022. Kisha 2023 wakachanganya madawa: Future Past, nusu Somewhere in Time ya 1986, nusu Senjutsu ya 2021. Hapo ndipo tulipousikia Alexander the Great jukwaani kwa mara ya kwanza, wimbo wa 1986! Watu wamezaa na kupata wajukuu wakiusubiri.

Na Mei 2025 wakaanza hii ya sasa pale Budapest. Wamejifungia kwa makusudi: albamu tisa za kwanza, kuanzia ya 1980 hadi Fear of the Dark ya 1992, hakuna zaidi.

Kwa hivyo droo ya juu imeshamwagwa yote. Dau langu: ikiwa hakuna albamu mpya, basi ijayo ni droo ya pili, Brave New World ya 2000 hadi Senjutsu. Albamu sita ambazo hazijawahi kupewa ziara yao ya kumbukumbu. Nipingeni.

Rongai Riff

Nakupinga kabla sijamaliza kusoma. Haya, sasa nimemaliza. Bado nakupinga.

Mama Pistoni

Besi, umepanga miaka vizuri lakini umesahau nani anakaa nyuma ya ngoma. Nicko McBrain alipata kiharusi Januari 2023, akarudi akapiga Future Past yote akiwa amepita miaka sabini, halafu Desemba 2024 akaaga ziara pale São Paulo. Sasa yuko Simon Dawson, aliyetoka British Lion, ile bendi ya pembeni ya Steve Harris, mpiga besi wa Maiden.

Hizo albamu sita zako zote ni mikono na mguu wa Nicko. Mguu, narudia, maana yule mzee alikuwa anafanya kwa pedali moja yale ambayo vijana wanahitaji mbili. Nyimbo zenyewe ni ndefu. The Book of Souls pekee ni dakika 92. Nyimbo za mwanzo ni fupi na ni moto, Dawson anaingia anatoka. Ukimpa saa mbili za nyimbo za dakika kumi kumi, ni gari lingine kabisa hilo.

Sisemi hawezi. Nasema Harris hatamwekea mtihani huo kwa ziara nzima. Naona mchanganyiko kama Future Past: albamu mpya nusu, ya zamani nusu.

Besi la Kayole

Mama, Dawson amepiga na Harris kwa miaka huko British Lion. Harris hachukui mtu asiyemjua. Na usisahau Harris ndiye mwenye bendi tangu Krismasi ya 1975, akitaka dakika kumi na tatu zitapigwa dakika kumi na tatu.

Mama Pistoni

Hilo la Harris sikatai. Lakini umri nao una kauli. Harris na mpiga gitaa Dave Murray ni wa 1956, Adrian na mpiga gitaa mwenzao Janick Gers 1957, Bruce 1958. Mdogo wao wote alitibiwa uvimbe wa saratani kwenye ulimi, Mei 2015 madaktari wakasema amepona, na mwaka uliofuata alikuwa jukwaani anakimbia. Mimi nashukuru kwa kila ziara. Mambo ya droo ya pili ni ya watu wenye muda.

Mgeni Mwema

Samahani, nimeingia hapa kwa bahati. Si hawa ndio wale wa 666? Mnajua mnachosikiliza kweli?

Rongai Riff

Ameanza.

Besi la Kayole

Karibu mgeni, acha nikujibu kwa heshima maana hata mama yangu aliuliza hilohilo, tena akiwa na chupa ya mafuta ya upako mkononi.

The Number of the Beast, albamu yenye wimbo huo wa 666, ilipotoka 1982 kuna watu Marekani walichoma sahani zao hadharani. Chile mwaka 1992 onyesho lao lilizuiwa kwa shinikizo la kanisa. Aprili 2011 wakajaza Estadio Nacional ya Santiago hiyohiyo, zaidi ya watu 50,000, wakarekodi albamu yao ya moja kwa moja palepale. Na Nicko tunayemzungumzia hapo juu ameokoka tangu 1999, analisema wazi, na aliendelea kupiga wimbo huo miaka yote.

Mimi mwenyewe Jumapili napiga besi kanisani. Kipindi cha sifa kikishika kasi, vidole viwili vya mkono wa kulia vinaanza vyenyewe ule mwendo wa farasi wa Harris, ta-ta-tam, ta-ta-tam, kwenye nyuzi mbili za chini. Mpiga kinanda ananikodolea macho. Kwaya inazidi kuruka. Mchungaji hajawahi kulalamika, mwaka jana alininunulia nyuzi mpya.

Mgeni Mwema

Nitaombea uzi huu.

Rongai Riff

Omba waje Nairobi, tutasema amina sote.

Tena hapo ndipo penye swali langu. Miaka yote tunahesabu ziara za watu wengine. Budapest, São Paulo, Knebworth kule Uingereza Julai 2026. Sisi je? Kwenye laini yetu kuna nganya, matatu ya kurembwa, imechorwa ubavuni Eddie, yule zimwi wa majalada ya Maiden, macho yanawaka nyekundu dereva akikanyaga breki. Kondakta hajui ni nani. Nilimuuliza akaniambia "ni yule wa Mortal Kombat". Eddie mwenyewe amefika Rongai, bado wenye Eddie!

Wakala wa Embakasi

Riziki yangu ni mizigo pale JKIA, uwanja wetu wa ndege Nairobi, kwa hivyo hapa niachieni kidogo. Nitakuwa mrefu.

Maiden wameshakanyaga Afrika na mnajua. Mei 2016, Cape Town na Johannesburg. Ilikuwaje wakafika? Ndege. Mwaka ule walikuwa na Boeing 747-400 yao ya kukodi, Ed Force One, watu juu na vifaa tumboni. Kabla ya hapo, 2008 hadi 2011, walitumia 757. Wakiwa na ndege inayobeba kila kitu pamoja, walitokea Australia, wakateremka Afrika Kusini, wakaendelea Ulaya. Afrika haikuwa safari ya peke yake, ilikuwa njiani. Shikeni hilo.

Bila ndege ya namna hiyo hesabu inabadilika. Ulaya jukwaa linasafiri kwa malori: mwaka 2025 walipiga Budapest, Prague na Bratislava ndani ya wiki moja. Lori linashuka usiku, asubuhi linapakua. Jaribu kutoka Johannesburg kuja Nairobi kwa lori uone utakavyoitwa mpakani kila baada ya siku mbili.

Kuna mtu ataniambia Bruce atarusha ndege mwenyewe. Alirusha, ni kweli, 757 na hata ile 747. Lakini rubani wa safari za kibiashara za kimataifa kikomo chake ni miaka 65, na Bruce alikipita Agosti 2023. Akija atakuja amekaa nyuma kama sisi.

Sasa habari nzuri. Uwanja wetu si kikwazo hata kidogo. Barabara ya kurukia pale JKIA ina urefu wa zaidi ya kilomita nne, na 747 za mizigo ni wageni wa kila siku. Zinakuja kufuata maua ya Naivasha. Zinaondoka zimejaa waridi hadi mlangoni, lakini zikija mara nyingi huwa na nafasi. Mtu mwenye akili anaweza kuleta tani za spika na taa kwa bei ya kuongea vizuri. Kurudisha ndiyo kazi, hasa ukipanga tamasha karibu na Valentine, maana hapo hakuna atakayeshusha waridi apakie ngoma.

Habari mbaya ni makaratasi. Vifaa vinaingia kwa muda tu, kwa hivyo forodha wanataka dhamana, na orodha ya kila kitu, mpaka waya. Waya mmoja ukibaki nchini, unaulizwa. Halafu msanii asiye mkazi akilipwa kwa onyesho hapa, asilimia 20 inakatwa kama kodi kabla pesa haijatoka. Wasimamizi wa bendi kubwa huwa wanataka malipo yao kamili mkononi, kwa hivyo hiyo 20 anaimeza promota. Kwa dola. Kabla hajauza tiketi moja.

Daktari wa Ampu

Asante Wakala, hatimaye mtu amezungumza kitu cha kushikika.

Niongeze la ukumbi. Kila mara mtu anasema Kasarani. Kasarani ni uwanja wa makumi ya maelfu ya watu! Tukijikusanya metali wote wa Nairobi, tukaongeza wa Nakuru na Eldoret na shemeji zao, hatujazi jukwaa kuu. Talanta pale Ngong Road nao ni 60,000, na viwanja vyote hivyo akili yake iko kwenye AFCON ya 2027. Hakuna atakayekubali nyasi zikanyagwe na watu wa buti.

Uhuru Gardens ndiyo saizi. Boyz II Men walipiga pale Juni 2025 na mambo yakaenda. Na wa kusema hewa yetu ya juu itamkata Bruce pumzi, wamepiga Mexico City, wamepiga Bogotá, ambako ni juu kuliko hapa kwa mbali.

Likoni Doom

Nyie watu wa bara mnapanga mambo bila kutuuliza. Sauti ya metali na upepo wa bahari mshasikia? Leteni Mombasa, vifaa vishuke kwa meli bandarini, hiyo ndege ya maua mtuachie.

Wakala wa Embakasi

Meli kutoka Ulaya ni wiki kadhaa, kaka. Vifaa vyako vitakuwa baharini wakati bendi inapiga mji mwingine.

Likoni Doom

Si wana seti mbili? Jamani bahati nasibu hiyo, acheni tuote.

Kigogo wa Toi

Mimi huuza nguo, siyo mjuzi wa ziara, lakini soko linaongea. Zamani fulana ya Maiden ilikuwa takataka ya rundo. Yangu ya kwanza niliipata chini kabisa, katikati ya fulana za mbio za hisani za Ulaya: Powerslave, piramidi, Eddie amekaa katikati kama Farao. Chapa imepasuka kifuani, kola imelegea, lebo imekatwa. Mwenye rundo akasema mia mbili, "chukua tu, hiyo ina shetani, haitoki." Sikubishana hata shilingi.

Leo ikitokea ni kamera, yaani mtumba wa daraja la kwanza, inawekwa kando hata kabla ya bela kumalizika kufunguliwa, na kuna vijana wa Instagram wanalipa elfu mbili mpaka tatu. Wengi hawajui hata wimbo mmoja. Mimi siwachukii. Wengine wanarudi kuniuliza waanzie wapi, nawaambia albamu ya Piece of Mind.

Kwa hivyo Daktari usiwahesabu walio na buti peke yao. Maiden wakitua hapa, nusu ya uwanja itakuwa watu waliokuja kupiga picha na Eddie, na pesa yao ni pesa.

Daktari wa Ampu

Wataambiwa waweke simu mfukoni, maana ziara hii bendi yenyewe imeomba watu wapunguze kurekodi. Hapo ndipo nusu yako itadai kurudishiwa hela.

Mama Pistoni

Piece of Mind ndiyo jibu sahihi. Kigogo nakuheshimu.

Rongai Riff

Tuseme wamekuja. Nani anafungua jukwaa? Mimi nasema Duma, wale wetu wa Nairobi. Kama wameweza kutoa albamu ile ya 2020 na Nyege Nyege Tapes, lebo ya Kampala, ikasemwa mpaka Ulaya, wanastahili.

Besi la Kayole

Duma nawapenda lakini ile kelele na mashabiki wa Maiden ni maji na mafuta. Wazee wa Maiden wanataka gitaa mbili zinazoimba pamoja. Last Year's Tragedy, bendi nyingine ya hapa, wangerudi jukwaani kwa ajili ya usiku huo, mimi ningelia. Tulikua nao hao, enzi redio ya X FM inatupigia roki mchana kweupe kwenye matatu.

Rongai Riff

Kwa hivyo kwenye ndoto yako mwenyewe bado unachagua salama. Maze!

Daktari wa Ampu

Turudi ardhini. Nitasema ambalo hamtaki kulisikia: Maiden hawatapiga Nairobi. Labda Kigali. BK Arena ni watu 10,000, imefunikwa, umeme haukatiki, Kendrick Lamar alipiga pale Desemba 2023. Ukumbi ambao umeshawahi kupokea onyesho kubwa ndio promota wa nje anauamini. Sisi tuna historia ya mabango. Promota mmoja, simtaji, aliwahi kutuuzia tiketi za bendi ya nje kwa bei ya mapema, tukafika siku yenyewe tukakuta geti limefungwa na mlinzi anakunywa chai. Hela zangu hazijarudi hadi leo. Nina risiti bado, nimeiweka kwenye jalada la albamu ya Killers ndiyo ifanane na jina.

Likoni Doom

Kigali kwa kitambulisho tu unavuka. Basi la usiku, na kipaza sauti cha bluetooth nyuma. Hiyo si mbaya.

Wakala wa Embakasi

Kigali sioni kwa metali, kusema kweli. Nikiweka pesa yangu naiweka Afrika Kusini. Wameshacheza huko, promota wapo, mashabiki wapo, na iko njiani mwa Australia. Ziara ijayo ikiwa na awamu ya Australia halafu Ulaya, tazameni mapengo ya tarehe katikati. Pengo la wiki moja na zaidi ndilo la kuangalia. Hiyo ndiyo njia ya kusoma ziara, kuliko kusubiri meneja wao Rod Smallwood aweke fumbo kwenye mtandao.

Na kwa sisi Wakenya, tangu Januari 2023 Afrika Kusini hatuhitaji viza kwa siku 90. Saa nne za ndege. Linganisha na Ulaya: euro 90 za viza ya Schengen hazirudi hata ukinyimwa, na utaulizwa barua ya mwajiri, ya benki, ya kila mtu.

Mama Pistoni

Mimi nilinyimwa. Waliandika hawana hakika nitarudi. Gereji yangu nitamwachia nani?

Besi la Kayole

Basi tufanye hivi. Kwa kuwa hakuna anayejua tarehe, tuanze chama sasa. Kila mtu elfu tatu kwa mwezi, M-Pesa, na pesa haiguswi mpaka tarehe zitangazwe. Wakitangaza Johannesburg tunanunua tiketi siku hiyohiyo, maana hapo hawasubiri mtu. Wakitangaza Kigali, tunabaki na chenji. Wakitangaza kustaafu, kila mtu anarudishiwa yake.

Rongai Riff

Mwaka mzima bila kugusa? Mimi najijua. Mniwekee faini kubwa.

Kigogo wa Toi

Niko ndani. Na nitaleta fulana za chama, kamera tupu, kwa bei ya wanachama.

Likoni Doom

Wa pwani tunachangia, lakini mkutano wa kwanza uwe Mombasa.

Daktari wa Ampu

Niko ndani kwa sharti moja, kwamba mwenye uzi asiwe mhazini. Mtu anayeweka dau kwenye droo ya pili hawezi kushika pesa za watu.

Besi la Kayole

Sawa, napendekeza Mama Pistoni.

Mama Pistoni

Nimekubali. Mwisho wa kutuma ni tarehe tano, anayechelewa analipa mia mbili kwa wiki, na Rongai Riff analipa mia tano. Tunahitaji watu wawili wa kusaini pamoja nami kila tunapotoa pesa. Wakala awe mmoja. Wa pili nani?

Mgeni Mwema

Mimi ni mhasibu. Elfu tatu naweza. Hizo Piece of Mind mnazosema zinapatikana wapi?